Vifuniko Tisa vya Maji ya Achari

Kilindoni, Mafia
Jumapili, 4 Januari 2026

Shoga yangu Cresensia,

Kwanza nikulaumu, salamu baadaye. Tangu uondoke Oktoba nakupigia simu, inaita mpaka inachoka yenyewe. Juzi Riyaz akaniambia, mama, labda anti hataki kupigiwa na simu ya duka, maana akipokea atasikia watu wanaulizia saruji na unga. Nikaona mtoto kasema la maana. Simu hii si yangu, na ujumbe wangu wote baba yake anausoma akitafuta oda zake. Kwa hiyo nimekaa kuandika barua, kazi ambayo sijaifanya tangu niko shule. Kombo wa kwenye boti ataivusha mpaka Nyamisati, na huko ataipandisha basi pamoja na kifurushi.

Kwenye kifurushi kuna chupa ya achari ya ndimu, ile tuliyoianika wote Septemba. Sasa imeiva, maganda yamelainika. Usiifungue mbele za watu, wataimaliza.

Huku kaskazi imeingia na joto lake, feni inatuzungushia joto lile lile. Ni wakati wa kunywa finyauso yetu, na hiyo ndiyo shida iliyonishikisha kalamu. Kila mwaka kazi yangu ni kukamua malimau na kutia sukari. Maji ya achari unatia wewe, kwa kile kifuniko chako cha dawa ya kikohozi, umenipa mgongo utadhani unavuta sindano. Miaka tisa sikuwahi kutazama unatia vingapi. Juzi nimejaribu peke yangu, ya kwanza ikawa limau tupu, ya pili ikawa pilipili tupu. Victoria aliinywa akasema nzuri, lakini najua alikuwa ananistahi.

Victoria humjui. Ni mwalimu mpya, mtu wa Musoma, kaja baada yako. Jioni akitoka shule anakuja jikoni kwangu, anakaa kwenye kiti chako, tunazungumza mpaka magharibi. Ndimu anakata upesi kuliko wewe, usinune. Na mwanangu Aleena amempenda.

Nikah ya Aleena ni Ijumaa tarehe 6 Februari, kabla Ramadhani haijaingia. Hina ni Alhamisi yake. Siku ya hina nataka kugawa finyauso kwa wanawake wote, kwa sababu mama mkwe wa Aleena tangu alipoinywa siku ya posa hana habari nyingine. Wewe najua ruhusa hutapata, umehamishwa juzi tu. Basi niandikie kipimo, vifuniko vingapi kwa jagi moja kubwa. Kumimina atanisaidia Victoria.

Wako,
Zenab


Makete
12 Januari 2026

Mama Riyaz,

Achari imefika salama, imevuja kidogo tu njiani. Barua yako yote inanuka haradali. Asante.

Huku ni baridi na mvua. Nalala na soksi jozi mbili, na mtu akiniletea kitu chenye barafu leo nitamwandikia vipimo vya kichwa. Lakini sipo peke yangu, usiwe na wasiwasi. Nina mwenzangu wodini, Jovina, kila Jumamosi niko kwake. Tunakunywa chai ya tangawizi, ananifundisha kufuma sweta. Nimemwonjesha achari yako, akalamba vidole, akasema aliyeitengeneza lazima ana roho nzuri. Sikumjibu. Jovina ana kochi, linakalika vizuri sana.

Kuhusu Victoria, nimefurahi umepata mtu. Nimefurahi mno. Ningependa tu kujua anakaa kwenye kiti gani, maana jikoni kwako kuna viwili, na cha bluu ndicho changu. Kama ni hicho, mwambie plastiki imepasuka upande wa kushoto na inabana nguo. Mimi imenibana miaka tisa sikusema. Na hizo ndimu anazokata upesi, anatoa mbegu? Ukiacha mbegu achari inakuwa chungu, na wewe mwenyewe ulinifokea kaskazi nzima kwa sababu ya mbegu mbili. Labda yeye hafokewi.

Kipimo sikikumbuki vizuri. Mikono ndiyo iliyokuwa inajua. Huyo mwenye upesi wa kukata, naamini na kupima atajua.

Msalimie Aleena. Mwambie mama yake mdogo anamwombea.

Cresensia


Kilindoni
19 Januari 2026

Cresensia,

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, wateja wananitazama. Nilicheka halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Hukumbuki kipimo? Wewe unayekumbuka uzito wa kila mtoto aliyezaliwa kisiwa hiki? Labda na ile siku ya kwanza umeisahau. Ulikuwa na wiki mbili tu Mafia, umekuja dukani kununua chandarua, nami nikakuvuta ndani umtazame Aleena, ana homa. Nilikuwa nimeyamimina maji ya achari kwenye jagi ili nioshe chupa. Wewe mtu wa bara ukadhani ni juisi nimeianza, nimeshindwa kuimaliza kwa sababu ya mgonjwa. Ukaona unisaidie. Ukakamua malimau humo humo, ukatia sukari na barafu, ukaniletea glasi kwa heshima zote. Nikanywa nisikuvunje moyo. Uso ukanifinyika wote, halafu nikakuomba nyingine. Tulicheka mpaka Aleena akaamka na homa yake akataka naye. Hayo nayo mikono ndiyo inayoyakumbuka?

Na achari ile nilikutumia wewe. Sikumtumia mtu wa wodini. Roho yangu ataijulia wapi huyo Jovina, na mimi hajaniona hata kivuli? Ana kochi, haya, kaa kwenye kochi.

Kuna jambo nililinyamazia, sasa nalisema. Mwezi uliopita Anatory, karani wa pale kazini kwenu, alikuja kununua mchele. Nikamwambia serikali haina huruma, imenihamishia mtu wangu. Akanishangaa. Akasema hukuhamishwa, uliomba mwenyewe, na barua yako aliipokea kwa mkono wake mwezi wa Agosti. Cresensia, mimi nilikulilia gatini mbele ya wapagazi nikiamini umeondolewa kwa nguvu. Agosti yote na Septemba yote umekuja jikoni kwangu, tumeanika ndimu pamoja, tumekula sahani moja, na barua yako iko mezani kwa Anatory. Umenikimbia kwa lipi? Huko kwenye baridi kuna nini ambacho kwangu hakikuwepo?

Mama mkwe amepiga simu tena. Anakuja na ndugu zake kutoka Dar, kawaahidi wataonja kinywaji cha kwetu. Mimi siwezi kumwaibisha mtoto. Niandikie kipimo, na kama urafiki umekwisha, basi hiyo iwe ya mwisho.

Zenab


Makete
25 Januari 2026

Mama Riyaz,

Nimekumbuka. Jagi moja kubwa ni malimau kumi na mawili, sukari vikombe viwili, maji ya achari vifuniko tisa. Usionje kabla ya kutia barafu, bila barafu ladha inadanganya.

Swali lako la pili sina majibu yake kwenye karatasi.

Nawatakia nikah njema.

Nesi wenu,
Cresensia


Makete
Jumatatu, 2 Februari 2026

Zenab,

Hina ni Alhamisi hii na barua hii haitawahi, najua. Tangu asubuhi nimepiga simu ya duka mara tatu. Mara zote amepokea Riyaz, na mara zote nimekata. Ningemwambia nini? Mwambie mama yako anti amemdanganya?

Si tisa. Ni vitatu. Tisa niliandika kwa makusudi, tena kwa mwandiko mzuri, nikijua itakuwa maji ya bahari. Nilitaka yule mama aiteme mbele za watu, na aliyeshika jagi awe Victoria. Hata lile la usionje kabla ya barafu nililitunga ili usigundue mapema. Nina wivu. Neno hili nimeliandika, nikalikata, nimeliandika tena. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, napima wagonjwa presha, na yangu inapanda nikiwaza nani kakaa kwenye kiti cha plastiki. Barua yako ya kwanza iliponifika sikula siku hiyo.

Sasa uliloniuliza. Siku ya posa, Julai, nilitoka zamu nikaja kwako moja kwa moja, tukatengeneza majagi matano. Nilikuwa na gauni la kitenge kwenye mfuko, limetoka kwa fundi siku hiyo hiyo. Nikabadilisha bafuni kwako kwa sababu nilijua wageni wakifika tutakaa nao. Wakafika. Ukaniita nilete sinia, nikaleta. Nikasimama mkono wako wa kulia, nasubiri uniambie kaa. Yule mama akanywa, uso ukamfinyika, akacheka, akauliza nani aliyekufundisha kitu hiki. Ukamwambia, "Ni cha marehemu mama yangu." Halafu akanitazama mimi, nawe ukamwambia, "Huyu ni nesi wetu."

Nikakusanya glasi nikarudi jikoni.

Mama yako nilimuuguza mimi mpaka siku yake ya mwisho. Finyauso hakuwahi kuinywa, alisema inang'oa meno. Lakini hata hilo ningelimeza, ni mama yako na Mungu amrehemu. Ni hilo la pili lililokataa kushuka. Nesi wetu, kama mtu anavyosema friji yetu. Nilimwonea wivu yule mama, Zenab. Alikuwa hajakaa nusu saa sebuleni kwako, na tayari mnaitana dada. Mimi miaka tisa nilikuwa sijajua hata makochi yenu yanakalikaje.

Wiki iliyofuata niliandika barua ya kuomba uhamisho. Sikukwambia, kwa sababu kila siku niliyokuja kuanika ndimu nilikuwa nangoja uniulize mbona umepoa. Hukuuliza.

Nisamehe kwa ajili ya Aleena, yeye hana kosa na nimemharibia siku. Kwa yaliyobaki sijui bado kama naomba msamaha.

Cresensia


Kilindoni
Jumamosi, 7 Februari 2026

Cresensia,

Aleena ameolewa jana. Alipendeza, na aliuliza mara nyingi kama una habari. Barua ya mwisho niliyoipata kwako ni ile ya vifuniko tisa, sijui kama umeandika nyingine. Kaa chini nikueleze ya siku ya hina.

Asubuhi nilipima tisa, kama ulivyoagiza. Uliniambia nisionje kabla ya barafu, lakini mimi lini nimekusikiliza? Nikaonja. Chumvi ilinipanda mpaka puani. Victoria alikuwa amekuja kunisaidia kukamua malimau, akasema mama, hii imezidi, tuongeze maji na sukari, hakuna atakayejua. Na kweli hakuna ambaye angejua. Nikamwomba aniache kidogo.

Nikajiambia, huyu anapima dawa za watoto wachanga kwa matone. Tisa si bahati mbaya. Nikaichukua barua yako nikaisoma upya kutafuta nimekukosea nini, na kwenye barua nzima hakuna kitu, ila chini umesaini nesi wenu. Hujawahi kunisainia hivyo. Nilikaa nayo mkononi mpaka malimau yote yakaisha kukamuliwa.

Siku ya posa niliuona uso wako. Sitakudanganya nikasema sikuona. Niliuona, na nikageuka kumjazia mgeni glasi. Wale ni watu wakubwa, nilitaka waone nyumba yetu ina mapishi yake ya zamani, nikaona haya kusema kinywaji wanachokisifia kimetokana na kosa la mtu wa bara aliyekuja kununua chandarua. Hivyo ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayo hayo. Baadaye nikajiambia wewe ni mtu mwelewa, hutajali. Na uliponyamaza nikashukuru kwamba umenyamaza.

Basi nikamwambia Victoria tusiongeze kitu. Tukagawa vile vile.

Mama mkwe alikunywa akafunika mdomo kwa mtandio. Ndugu zake wakatazamana. Kwa upole wake, mbele ya wanawake zaidi ya thelathini, akaniuliza kama kipimo cha marehemu mama kimenipotea. Nikasimama. Nikasema, "Si cha mama yangu. Ni cha rafiki yangu Cresensia, yule niliyewaambia ni nesi. Mimi sikijui, na sikuwahi kukijua."

Wifi yangu akakimbilia kusifia hina. Mama mkwe aliweka glasi chini hakuigusa tena. Alikuwa ananiita dada, tangu juzi naitwa Bi Zenab. Baba Riyaz hasemi na mimi, anadai nimemwaibisha mtoto siku yake. Mtoto mwenyewe hajaaibika. Mikono yake ilikuwa imejaa hina, Mwanahalima aliyekuwa anampaka akamshikia glasi, na Aleena akainywa yote mpaka chini, machozi yanamtoka kwa chumvi, akasema hii ni ya mama mdogo.

Na Victoria. Kabla ya siku ya hina alikuwa ameingia jikoni kwangu mara mbili tu, na mara zote alikaa mkekani. Sikumkalisha kwenye kiti chako. Hayo ya jioni mpaka magharibi, na ya Aleena kumpenda, niliyaandika ili uumie, maana nilishazungumza na Anatory na mimi nilikuwa naumia. Nilijua pa kukuchoma. Nawe ulijua pangu, kwa sababu huyo Jovina na kochi lake wameniharibia usingizi mwezi mzima.

Sikuandikii unirudie. Nimekuandikia ujue nimesema.

Zenab


Makete
14 Februari 2026

Zenab,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe mbili itakuwa imeshakufikia, kwa hiyo unajua ni vitatu, na unajua na yale mengine.

Yako niliisoma chumba cha dawa, nimefunga mlango. Nilifurahi. Ninaona aibu kwamba nilifurahi, kwa sababu aliyetoa machozi ni Aleena na ilikuwa siku yake. Nitamwandikia mwenyewe. Jovina hana kochi. Nimeenda kwake mara moja, tukakaa kwenye vigoda, na kufuma sweta nimeshindwa.

Usidhani lakini umeniponya. Bado nina wivu, na sasa umeongezeka. Namwonea wivu Victoria, aliyekuona umesimama. Nawaonea wivu wale thelathini, hata huyo wifi yako aliyekimbilia kusifia hina, kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu, nimeyangoja tangu Julai, na wakati yanasemwa mimi nilikuwa huku namfunga mtu kidonda. Na kuna kitu kinanitisha, bora nikiseme. Ulisema nikiwa mbali. Kumsifia mtu aliye Makete ni rahisi. Sijui kama ungeyasema mimi nikiwa nimesimama hapo hapo ubavuni kwako, wakubwa wako wanakutazama.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi baada ya Idi, nimepewa. Siku nikifika mwalike mama mkwe wa Aleena, na ndugu zake kama bado wapo, na wifi yako. Maji ya achari nitapima mimi, vitatu, nao watakunywa kitu kinachonyweka.

Nikishapima nitatoka jikoni, nitazunguka nyumba nibishe hodi mlango wa mbele, nitaingia sebuleni nikae katikati yao. Sinia utaleta wewe.

Cresensia